Anza na chupa ya zamani

Ndugu, umeuliza uanze na mwaka upi wa mavuno ukionja kwa mkupuo chupa za miaka mbalimbali za mvinyo asilia (usiotiwa dawa nyingi) wa Frank Cornelissen, mkulima wa zabibu kwenye mlima wa volkano wa Etna, Sisilia. Mimi naanza na wa zamani. Tanini, yaani ule ukakasi wa maganda ya zabibu, na kileo cha mvinyo mchanga huchosha ulimi, kisha chupa iliyokomaa unaiona kama maji, na hapo umeidhulumu.

Zisimamishe chupa siku moja kabla, mashapo yatulie. Zipoe kidogo, nyuzi 15 au 16 hivi. Mimina kila mwaka kwenye glasi yake, zote kwa wakati mmoja, uonje, kisha urudie baada ya saa moja. Hapo ndipo penye utamu wa zoezi lenyewe, kwa sababu mvinyo wenye salfaiti (kihifadhi cha mvinyo) kidogo au usio nayo kabisa hubadilika haraka ndani ya glasi. Harufu ya kiberiti mara nyingi huondoka mvinyo ukipata hewa. Ladha ya panya, kasoro ya baadhi ya mvinyo asilia, haiondoki, na pua haitakuonya. Huja baada ya kumeza.

Usikimbilie kusema "huu ndio udongo wa volkano". Zabibu ni ileile, Nerello Mascalese, na mlima ni uleule, kwa hiyo tofauti kubwa utakayoonja ni ya hali ya hewa: 2014 ulikuwa mwaka mzuri sana Etna, 2018 ulikuwa wa mvua na tabu. Ziweke hizo mbili kando kwa kando. Pia kumbuka Cornelissen mwenyewe amebadilika tangu alipoanza 2001. Mvinyo wake wa siku hizi ni msafi zaidi, na mimi naupenda zaidi.