Muulize Mwalimu: "Wenzangu wanasema nimegeuza darasa kijiwe"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa baiolojia katika chuo cha ualimu, mwaka wangu wa 3 kazini. Nimeanza kutumia Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni ambao wanachuo hujibu kwa simu, kwenye marudio ya Ijumaa. Wanachuo wanafurahi mno, ila mkufunzi mwandamizi wa idara yetu aliposikia kelele alisema mbele yao, "Hapa tunafundisha, hatuchezi." Tena wapo wenye vitochi tu, na wenye simu janja wanalalamikia bando. Niache?
Mkufunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Lakini usimhesabu mzee huyo kuwa adui wa teknolojia, maana nami nilikuwa upande wake. Nilifundisha hisabati chuoni miaka 22, na kilichonikera kwenye michezo hii ni ile mbio. Kwa kawaida anayejibu sahihi papo hapo hupata pointi hadi 1,000, na mwenye jibu lile lile anayelipata dakika ya mwisho huambulia kama nusu. Mwanachuo anayefikiri taratibu anaonekana mjinga, na hilo mwalimu makini halivumilii.

Kilichonigeuza ni swali moja: 1/2 + 1/3. Nguzo za majibu, kila jibu na rangi yake, zilipopanda ukutani kuonyesha wangapi wamechagua nini, ndefu kuliko zote ilikuwa nyekundu, yaani 2/5, wakati jibu ni 5/6. Na hao ni watu waliokuwa wanajiandaa kwenda kufundisha shule za msingi! Miaka yote nilikuwa nauliza "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia "Ndiyoo." Siku ile nilisimamisha mchezo, nikachukua karatasi, tukaikunja na kuikata mpaka kengele ikalia. Maswali 9 yaliyobaki hatukuyagusa, na sijutii.

Kwa hiyo kazi yako inaanza pale nguzo zinapotokea. Waliochagua jibu lisilo sahihi waeleze walivyowaza, bila kutajwa majina wala kuchekwa. Ukikimbilia swali linalofuata na ubao wa washindi, mzee wako atakuwa na haki ya kukuita mchezeshaji.

Kuhusu simu, cheza kwa timu: simu moja kwa watu 5, mwenye kitochi akae katikati ndiye atangaze jibu la kundi. Hapo wanabishana kabla ya kubonyeza, na ubishi huo ndio somo lenyewe. Muda nao ongeza; sekunde 20 hazitoshi watu 5 kusikilizana, weka 60 au 90. Pointi waweza kuzizima kabisa. Bando usiwabebeshe wanachuo: iombee idara, na ikishindikana washa mtandao wa simu yako (hotspot) wajiunge humo, maana maandishi na rangi nne hazili data nyingi usipoweka video. Umeme ukikatika, kadi za manila za rangi hizo hizo zinatosha.

Sasa mzee. Mwendee ofisini kwake, peke yako, na swali hili: "Mimea hupumua wakati gani?" Mwombe akutungie vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi yanayofanana na ukweli. Aliyesahihisha mitihani miaka yote hiyo anayajua makosa ya wanachuo kuliko mimi na wewe. "Usiku tu" ataitaja kabla hujakaa kitini, ilhali mimea hupumua usiku na mchana. Kisha mwombe aje Ijumaa aone wangapi watanasa kwenye mitego yake.