Mstari mmoja wa kusema

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni shughuli gani nje ya darasa inayomsaidia kweli mtoto mwoga kujiamini? Jibu langu ni maigizo ya jamii, yale ambayo wakubwa kwa wadogo hukutana jioni kufanya mazoezi kwa kujitolea, mwisho wake wakaonyesha mchezo mbele ya majirani. Nina miaka sita na kikundi cha namna hiyo. Kazi yangu ni kukaa pembeni ya jukwaa na daftari la mchezo, nimkumbushe aliyesahau maneno. Pale pembeni unaona mengi.

Wengi hudhani makofi ndiyo yanayomjenga mtoto. Makofi ni matamu, sikatai, lakini ni ya usiku mmoja au miwili tu, nayo mazoezi ni ya majuma chungu nzima. Tena mtoto aliyezoea sifa hukutazama usoni kila akifanya jambo, apime kama limekupendeza. Viola Spolin, aliyefundisha maigizo watoto wa wahamiaji mjini Chicago kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, aliliona hili mapema: sifa na lawama, zote mbili humtoa mtoto mchezoni. Ndiyo maana michezo aliyoibuni humpa mtoto jambo la kushughulikia, asibaki na nafasi ya kujichunguza. Mchezo wa kioo tunaucheza kila mazoezi. Wawili husimama wakitazamana, mmoja anajongea taratibu, mwenzake anamwiga kila kitu, hadi kupepesa macho. Baada ya muda yule aliyeingia kajikunyata ameshanyoosha mikono juu, na ukimuuliza ameinyoosha saa ngapi hajui.

Mwaka mmoja alikuja binti wa miaka tisa ambaye sauti yake haikuvuka meno. Alipewa mstari mmoja: “Mgeni amefika!” Muongozaji hakumwambia apaze sauti, mtoto mwoga ukimwambia hivyo, koo ndiyo kwanza linafunga. Alikwenda kukaa kiti cha mwisho kabisa ukumbini, akasema, “Mimi niko ng’ambo ya mto na mtumbwi ninao. Niite nije.” Siku ya kwanza hakusikia kitu, akabaki ameketi. Ya pili vilevile. Nasi wengine tulitulia, kwa sababu mfalme haruhusiwi kuinuka kitini mpaka asikie mgeni amefika. Mzee wa zaidi ya miaka sitini, kavaa taji la karatasi, anamngoja mtoto wa miaka tisa! Hakuna aliyemsaidia kulisema neno lile, wala hakuna aliyemcheka. Kwangu mimi kujiamini huanzia hapo, mtoto akijua kuna watu hawawezi kusogea bila yeye, na kwamba watamsubiri.

Siku ya maonyesho mstari wake ulifika hadi mlangoni. Mfalme akainuka, akafungua kinywa, kimya. Amesahau. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye mstari wake nimnong’oneze, binti akaniwahi: “Baba mfalme, mgeni anauliza kama aingie au arudi alikotoka.” Maneno hayo hayamo daftarini. Mzee akapata pa kushika, mchezo ukaendelea, na watazamaji hawakujua lolote. Kule nyuma ya jukwaa alimpa binti mkono kama anavyowapa wazee wenzake, akamwambia, “Umeniokoa, mwanangu.” Shuleni ni nadra mtoto kumwona mtu mzima akikwama hadharani, sembuse kumkwamua.

Hii haitokei yenyewe. Kikundi kinachowapa watoto wachangamfu nafasi kubwa kila mwaka kitawaacha waoga palepale walipo. Mzazi anayesimama mlangoni akimsahihisha mwanawe kwa ishara nitamwomba aende nyumbani, arudi siku ya maonyesho. Na asiyetaka kupanda jukwaani asilazimishwe: taa zinahitaji mtu, maleba, yaani mavazi ya mchezo, yanahitaji mtu, na anayefungua pazia akichelewa wote tunakwama.

Binti sasa ana miaka kumi na miwili. Juzi ameletwa mvulana mpya, anazungumza na vidole vya miguu yake. Muongozaji alipogeuka kwenda nyuma ya ukumbi, alikuta kile kiti cha mwisho kina mtu. Binti alikuwa ameshaketi, mikono magotini, ameinamisha sikio kuelekea jukwaani.