Njoo na Mfuko Wote wa Dawa

Barua za mwezi huu zimejaa presha kuliko ugonjwa mwingine wowote, kwa hiyo nimeamua safu nzima iwe yake. Kwa wanaonisoma mara ya kwanza: mimi ni daktari wa kituo kidogo cha afya, na nimekaa kituo hichohicho miaka 19. Watoto niliowapokea wakizaliwa siku hizi ndio wanaowaleta mama zao kliniki. Nitajibu hapa kama ninavyojibu mtu akiwa amekaa mbele ya meza yangu.

"Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 52. Ndani ya wiki moja nimepimwa presha mara tatu. Kwenye duka la dawa ilikuwa 132/82, hospitali 158/96, na mashine ya jirani yangu ikasoma 144/88. Nani kati yao amesema kweli? Sijaanza dawa yoyote, na sitaki kuanza bure."

Kaka yangu, huenda wote watatu wamesema kweli. Presha si kama kimo cha mtu, kwamba ukishapimwa umepimwa. Inapanda na kushuka kutwa nzima: ukipanda ngazi, ukigombana, ukibanwa na mkojo, hata ukiongea tu. Katika barua yako namba hazinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba hukuniambia ulipimwaje. Hospitali ulikaa kwanza, au uliitwa ukiwa bado unahema? Mkono ulilala mezani au ulikuwa unaning'inia? Aliyekupima alikuwa anakuuliza maswali huku mashine inajaa upepo?

Nitakueleza ninavyotaka upimwe, popote utakapokwenda. Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye mazoezi. Nenda msalani kwanza. Kaa dakika 5 kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili ziko sakafuni, miguu hujaikunja nne. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo, na ule mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Halafu kimya. Usijibu swali la mtu, usipokee simu. Upimwe mara mbili, dakika moja au mbili zipite katikati. Siku ya kwanza kabisa upimwe mikono yote miwili, kisha ule unaosoma juu ndio utumike siku zote.

Mkanda wenyewe ni hadithi nyingine. Mtu mwenye mkono mnene akifungwa mkanda mdogo, mashine inasoma juu kuliko presha yake halisi. Kosa hili lina umri sawa na mkanda. Daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alipotangaza kifaa chake mwaka 1896, mkanda wake ulikuwa mwembamba mno, na ilibidi miaka michache baadaye Mjerumani Heinrich von Recklinghausen aonyeshe kwamba wembamba ule unapandisha namba. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado kuna vyumba vya kupimia vyenye mkanda wa saizi moja tu. Kituoni kwetu tulikuwa hivyo kwa muda mrefu. Tulipopata mkanda mkubwa, kuna watu watatu niliowapunguzia dawa mwezi uleule. Nawakumbuka wote watatu kwa sura. Uliza saizi ya mkanda bila kuona haya.

Sasa cha kufanya. Azima mashine ya jirani, lakini kwanza uipeleke kituoni wailinganishe na ya kwao. Jipime siku 7, asubuhi na jioni, kila mara vipimo viwili, na uandike vyote, hata visivyokupendeza. Hasa visivyokupendeza. Nikikupokea mimi, nitaviacha vya siku ya kwanza na kutafuta wastani wa vilivyobaki. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, tutakuwa na mazungumzo ya kweli. Kwa vipimo vya kliniki mstari uko 140/90, na uonekane siku tofauti, si siku moja. Lakini namba ikifika 180/110 na ikabaki hapo baada ya kupumzika, usingoje siku 7 ziishe. Nenda siku hiyohiyo. Na ikiambatana na maumivu ya kifua, kuhema, kuona ukungu au kuchanganyikiwa, nenda hospitali dakika hiyohiyo.

Nami pia sitaki mtu aanze dawa bure. Ndiyo maana namwomba kila mtu wiki yake moja kabla ya kumwandikia kitu ambacho huenda akakimeza miaka 30.

"Daktari, mimi ni mama wa miaka 47. Nilianzishiwa vidonge vya presha, nikameza wiki 6, presha ikawa nzuri, nikaacha kwa kuwa nimepona. Halafu kusema kweli miguu ilikuwa inavimba kila jioni. Sasa ni miezi minne. Naona aibu kurudi, daktari wangu atanigombeza."

Dada yangu, hujapona. Presha ilikuwa nzuri kwa sababu vidonge vilikuwa ndani yako. Najua neno hilo ni zito, maana mwili wako haukuumi popote, na mtu asiyeumwa anamezaje dawa? Hapo ndipo ugonjwa huu unapotushinda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wazima wa miaka 30 hadi 79 wenye presha ya kupanda ni zaidi ya bilioni 1, na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Hawajui kwa sababu hakuna kinachowaambia. Figo hazilii zikianza kuharibika, na mshipa wa ubongo hautoi taarifa wiki moja kabla ya kiharusi.

Kuhusu miguu: hukuniandikia jina la dawa, ila nikisikia miguu inayovimba jioni kwa mtu aliyeanza vidonge karibuni, nafikiria amlodipini kwanza. Inafungua mishipa midogo, maji yanavuja na kukaa kwenye vifundo. Kwa wengi si dalili ya moyo wala figo kushindwa, ingawa ni lazima uchunguzwe ili tuwe na hakika. Dozi inaweza kupunguzwa, au dawa ikabadilishwa, au ikaongezwa ya aina nyingine inayopunguza uvimbe huo. Dawa hizi ziko aina nyingi. Enalaprili na lizinoprili huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokwisha, na mtu hutibiwa kifua miezi kumbe ni kidonge. Huyo tunamhamishia losartani. Zile zinazoongeza mkojo humezwa asubuhi ili usikose usingizi. Na kwa umri wako, kama bado unaona siku zako, mwambie daktari, kwa sababu enalaprili, losartani na ndugu zao haziruhusiwi kwa mjamzito.

Nikija kwenye aibu yako, nakuomba unisikilize kidogo. Niliwahi kuwa na mgonjwa, fundi, mtu mzima mwenye heshima zake, ambaye nilimwongezea dawa mara tatu. Kila akirudi, 160 na kitu. Kila akirudi, namuuliza, "Mzee wangu, unameza?" Ananijibu, "Nameza, mwanangu." Nikawa simwamini, ingawa sikumwambia. Miezi saba ikapita hivyo. Siku moja nesi wetu, ambaye ana subira kuliko mimi, akamwambia kliniki ijayo aje na kila kitu anachotia mdomoni. Alikuja na mfuko wa kitambaa. Ndani kulikuwa na vidonge vyangu vyote, vimemezwa sawasawa kama alivyosema, na chini yake pakiti za diklofenaki. Alikuwa anameza mbili kwa siku, miaka mingi. Nikamuuliza mbona hakunitajia. Akasema, "Hizo si dawa za presha, ni za magoti tu."

Diklofenaki, ibuprofeni na wenzao huufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha, huzima nguvu za baadhi ya dawa za presha na huumiza figo. Nilikuwa najaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Tukamhamishia parasetamoli na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, na baada ya miezi miwili nikaondoa dawa moja kati ya nilizomwongezea. Yeye hakuwa na kosa. Nilimuuliza kama anameza dawa zangu, sikumuuliza anameza nini kingine.

Kwa hiyo rudi, dada. Beba mfuko wote: vidonge vilivyobaki, vya maumivu, vya mafua, vya uzazi wa mpango, majani na mizizi uliyopewa na mtu anayekupenda. Kaa chini, useme hivi: "Niliacha, kwa sababu miguu ilivimba." Sentensi hiyo moja inamfaa daktari wako kuliko vipimo kumi. Akikugombeza, amekosea yeye.

"Mimi ni kijana wa miaka 29. Baba ana presha na sukari. Karibu na nyumbani kuna daktari wa kawaida anayemfahamu miaka mingi, lakini sisi watoto tunataka kila miezi mitatu aende kwa bingwa, na kila mara tunatafuta bora zaidi ya yule wa kwanza. Baba anagoma. Nani yuko sahihi?"

Kwa sehemu kubwa, baba.

Mwanangu, nakuelewa, unampenda na unataka apate kilicho bora. Lakini bingwa wa nne atakayemwona kwa dakika 15 hajui kwamba presha ya baba ilipanda mwaka ule aliofiwa, hajui ni dawa gani ilimkohoza, hajui kwamba anasema "sijambo" hata akiwa hoi. Yule wa jirani anajua. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 22 kutoka nchi mbalimbali zilizoangalia watu wanaoonwa na daktari yuleyule kwa muda mrefu. Katika 18 kati ya hizo, kuonwa na daktari yuleyule kuliendana na vifo vichache zaidi.

Mtu ninayemfikiria kila ninapoulizwa swali hili ni Julian Tudor Hart, aliyekuwa daktari wa Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuwapima presha watu wazima wote wa kijiji, wagonjwa na wazima, bila kungoja waje wakilalamika. Waliochelewa kuja, aliwafuata. Hakuwa na mashine za ajabu. Alikuwa na mkanda, mafaili yaliyotunzwa vizuri, wauguzi, na miaka mingi ya kukaa mahali pamoja. Baada ya miaka 25 hesabu zilifanywa, na vifo vya watu wa chini ya miaka 65 vilikuwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko vya kijiji jirani ambako kazi kama hiyo haikufanyika. Ni huyuhuyu aliyeandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri huelekea kupatikana kwa uchache zaidi pale inapohitajika zaidi. Nilisoma maneno hayo nikiwa mwanafunzi, na yamechangia mimi kubaki nilipo.

Bingwa ana nafasi yake. Presha isiyoshuka kwa dawa tatu za aina tofauti zilizomezwa sawasawa, figo zinazoanza kudhoofika, macho ya mwenye kisukari yanayohitaji kuangaliwa kila mwaka, hayo yote daktari wenu mwenyewe atayaandikia rufaa. Baba aende na barua, na majibu yarudi kwa aliyeiandika. Siku ambayo msimpeleke kwa yeyote isipokuwa hospitali kubwa iliyo karibu ni ile uso ukipinda upande mmoja, mkono ukakosa nguvu, au maneno yakaanza kuparaganyika. Angalieni saa, muandike dalili zilianza saa ngapi, muondoke. Msimpe kidonge njiani, wala maji.

"Daktari, nafanya kazi ya kukaa kutwa, mazoezi ya saa nzima sina muda nayo. Na hiyo chumvi mnayoikataza, ni kiasi gani hasa?"

Saa nzima hujaombwa. Ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokupa joto na kukuharakishia pumzi huku bado unaweza kuongea. Zamani tuliambiwa vipande vifupi chini ya dakika 10 havihesabiwi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliondoa sharti hilo. Ngazi zinahesabika. Kutembea ukiwa kwenye simu kunahesabika, ukikaza mwendo. Chumvi ni chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na humo ndani imo iliyokwisha kutiwa na kiwanda kwenye mkate, nyama za makopo na viungo vya pakiti. Anza kwa kuondoa kikopo cha chumvi mezani. Ulimi unazoea baada ya wiki chache.

"Nina miaka 24. Baba yangu hataki kabisa kupimwa, anasema anayetafuta ugonjwa huupata. Nimfanyeje?"

Wewe umepimwa lini? Mtu mzima yeyote kuanzia miaka 18 anastahili kujua namba yake, na barua yako haikutaja yako. Mwombe akusindikize wewe kituoni. Keti kama nilivyomweleza yule kaka wa kwanza, ukae kimya, upimwe akiwa anakuona. Kisha inuka, umwachie kiti.