Maswali yenu: umeme wa sikioni na mishipa ya damu ya mgonjwa wa moyo

Swali: Moyo wa baba yangu hausukumi damu ipasavyo. Nimeambiwa kuna tiba ya umeme wa sikioni. Sikio linahusianaje na mishipa ya damu?

Jibu: Neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, ina tawi dogo linalofika kwenye ngozi ya sikio, na kibanio huwekwa kwenye kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio ili kupitisha umeme hafifu usioumiza. Moyo unapodhoofika, mwili hukaa katika tahadhari isiyokoma: mapigo huongezeka, mishipa hujikaza, na mchochota, yaani kinga ya mwili kuwaka kupita kiasi, hudhuru utando wa ndani ya mishipa, ambao kazi yake mojawapo ni kutoa gesi ya nitriki oksaidi ili mshipa utanuke. Kuchochea vagasi kunakusudiwa kuituliza tahadhari hiyo.

Swali: Nafuu ya mshipa hupimwaje?

Jibu: Mkanda kama wa kupimia presha hufungwa mkononi, hukazwa kwa dakika 5, kisha huachiwa, damu inaporudi kwa kasi, ultrasaundi huonyesha ateri imetanuka kiasi gani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, waliona kutanuka huko kukiongezeka baada ya saa 1 tu ya kuchochewa. Katika jaribio jingine walilolichapisha mwaka 2022, wagonjwa 52 ambao mioyo yao husukuma vizuri lakini imekakamaa walitumia kifaa saa 1 kila siku kwa miezi 3, nusu yao wakiwekewa kibanio kwenye ndewe, ambako tawi la vagasi halifiki, ili kupata kipimo cha kulinganishia. Waliochochewa kwenye kinundu walipungukiwa na dalili za mchochota katika damu na maisha yao ya kila siku yakawa mepesi zaidi. Ni matokeo ya kutia moyo, ila 52 ni wachache mno.

Swali: Basi aache vidonge?

Jibu: Hapana. Katika jaribio la INOVATE-HF la mwaka 2016, lililohusisha wagonjwa 707, kifaa cha kuchochea vagasi kilipandikizwa kwa upasuaji. Waliopandikizwa walijisikia vizuri zaidi, lakini vifo na kuzidiwa kwa ugonjwa havikupungua. Kwa sababu hiyo sioni haki kumwahidi mgonjwa uhai mrefu kwa kuwa ateri ya mkono wake imetanuka.

Swali: Tuna mashine ya umeme ya maumivu ya mgongo. Nimfunge sikioni?

Jibu: Usithubutu, hasa ikiwa ana kifaa cha kurekebisha mapigo kifuani. Mwulizeni kwanza daktari wake wa moyo.