Nilinena kwa lugha za kuiga miaka miwili

Juzi msichana mmoja wa Nakuru amenitumia meseji inboksi, ndefu kweli. Anauliza, "Dada, nikianza kuuliza maswali juu ya vitu nilifundishwa nikiwa mdogo, si nitapoteza wokovu?" Niliisoma nikiwa ndani ya matatu pale Kondele nikacheka, si kumcheka yeye, nilijicheka mwenyewe, juu hilo swali nililala nalo mwaka mzima na sikuwa na mtu wa kumtumia.

Sasa wacha niseme kitu sijawahi kuandika popote. Nilikuja Kisumu kusoma, nikaokoka kwa kanisa fulani, na hapo kama hujanena kwa lugha, yaani kuomba kwa maneno ya Roho yenye hakuna mtu anaelewa, basi wokovu wako ni nusu. Kwa kesha tukapangwa mbele, saa nane usiku, mkono wa pasta kichwani, "fungua mdomo, usifikirie!" Wenzangu wanaanguka mmoja mmoja, mimi nimesimama tu kama mlingoti, na nyuma yangu kuna mama alikuwa anarudia silabi tatu zilezile, basi nikazichukua. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nililia, wakadhani ni upako.

Miaka miwili nikatumia silabi za huyo mama.

Halafu siku moja tunasoma Biblia nikafika 1 Wakorintho 12:30, Paulo mwenyewe anauliza, "Wote wanena kwa lugha?" Na ukisoma vizuri unaona jibu lake ni hapana. Nikauliza kwa sauti. Kiongozi akasema tufunge kwa maombi. Jumapili iliyofuata nilikuwa nimetolewa timu ya sifa na kwa grupu ya WhatsApp pia, na mahubiri yalikuwa ya roho ya uasi, hakutaja jina lakini kila mtu aligeuka kuniangalia. Bado inaniuma, sitajifanya.

Nikarudi nyumbani Vihiga. Mama yangu ni wa Friends, hao Quaker, damudamu, na tukiwa watoto tulikatazwa kufuata guku, nyanya yangu, kanisani kwake juu wao ni watu wa Roho, watu wa kanzu nyeupe na ngoma. Safari hii nikaenda nikakaa na guku jikoni nikamwambia yote. Akaniuliza, "Na ulikuwa unasema nini hasa?" Nikamrudishia zile silabi. Alicheka mpaka leso ikaanguka.

Ndio akanipa stori hakuna mtu alinipa Sunday school. Wamishonari wa Friends walitoka Marekani wakafika Kaimosi, huko kwetu Vihiga, 1902. Mwaka wa 1927 watu wakaanza kuomba hapo Kaimosi, wakatubu dhambi mbele ya watu, wakatetemeka, wakanena. Wakubwa wa misheni wakakataa hiyo kitu, wakawafukuza, wakawa wanaabudu kwa manyumba mpaka wakawa na makanisa yao, na African Church of the Holy Spirit ni moja yao. Baba ya guku alikuwa kati yao. Guku akaniangalia akasema, "Baba alifukuzwa kwa kunena. Wewe unafukuzwa kwa kutonena. Sasa Mungu ni wa nani hapo?"

Mdogo wangu wa Nakuru, jibu langu ni hilo. Hiyo imani unaogopa kuigusa, kuna mtu wa ukoo wako aliuliza swali ndio ukaipata. Soma mwenyewe, usingoje kusomewa. Watu wa Beroya walimsikiza Paulo na bado wakaenda kuchunguza maandiko kila siku, Matendo 17:11, na wakasifiwa! Kwa hivyo mtu akikwambia kuuliza ni uasi, ujue anaogopa swali, na kanisa lenye linaogopa swali lako halikupendi, linapenda makofi yako. Soma, nasema tena. Tafuta mzee mmoja pia, si pasta, mzee tu. Na usiulize mara ya kwanza mbele ya watu kama mimi, hiyo nililipia.

Kunena sijanena mpaka leo. Mimi huomba kwa Kiluhya, naelewa kila neno.

Na mama, najua utasoma hii: ndiyo, ile Jumapili nikiwa huko nyumbani nilienda kanisani na guku. Na ngoma nilipiga.