Fundi Anajibu: Nifunge turbo kwenye GX110?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 29, nafanya biashara ya viazi kati ya Makambako, Iringa na Dar. Nina Mark II GX110 ya mwaka 2001, injini ya 1G, giaboksi ya otomatiki. Nikiwa Dar gari linakimbia vizuri, lakini nikianza kupanda Kitonga linachoka, watu wananipita, na nikifika huku nyumbani naliona zito kabisa. Kuna jamaa ana turbo iliyotoka Japani, anataka laki sita. Fundi wangu anasema ataifunga kwa siku tatu na gari litapaa, jumla milioni moja na nusu. Nimeshaweka akiba milioni mbili. Nifunge?
Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo milioni mbili ishikilie kwanza, usimkabidhi mtu hata shilingi mpaka umalize kusoma hapa.

Uzito unaousikia una sababu mbili, na moja wala si ugonjwa wa gari. Makambako iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo kila injini inapovuta pumzi inapata hewa pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ingekuwa Kigamboni. 1G yako ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 160. Huko juu hesabu 135 hivi, tena hizo ni za injini mpya. Sababu ya pili ni umri, na hiyo nitairudia.

Kuitamani turbo sikulaumu. Ni feni mbili kwenye shafti moja: moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa iingie ndani kwa shinikizo. Mswisi Alfred Büchi aliuandikisha ubunifu huo mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,200, ili aonyeshe kwamba turbo inairudishia injini nguvu inazozipoteza kwa sababu ya mwinuko. Yaani shida yako ya Kitonga ndiyo hasa iliyowahangaisha watu wa ndege miaka ile. Kwa hilo fundi wako yuko sahihi. Wasiwasi wangu uko kwenye injini anayotaka kuifungia, na kwenye siku zake tatu.

Injini ya GX110 ina mgandamizo wa 10 kwa 1. Pistoni ikipanda, mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa mpaka unabaki kwenye sehemu moja ya kumi ya nafasi yake. Sasa iletee injini hiyo hewa iliyokwisha kubanwa na turbo, tena ya moto. Sehemu ya petroli italipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Huko ndiko kugonga, na injini haivumilii kugonga kwa muda mrefu. Toyota walipotengeneza Mark II ya turbo ya umbo hilohilo la kwako waliweka injini nyingine, 1JZ-GTE. Mgandamizo wake ni 9 kwa 1, kuna vijibomba vinavyorusha oili chini ya kila pistoni ili kuipoza, nozo zinazopulizia petroli ni kubwa, interkula ya kupoza hewa ya turbo ipo, na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, imeandikwa kwa ajili ya turbo tangu mwanzo. Ndiyo maana inatoa farasi 280 na bado inadumu.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Mwaka 2009 nilikuwa na Carina Ti na nikaifungia turbo mwenyewe, hapa Iringa. Niliivua kwenye Hilux Surf ya dizeli iliyokuwa imepinduka. Manifoldi, ile inayokusanya moshi wa silinda zote, niliichomelea kwa bomba la chuma. Interkula sikuweka, kontroboksi niliiacha ileile ya gari. Wiki mbili nilifurahi kweli, gari lilikuwa likivuta kuliko nilivyowahi kuliona. Wiki ya tatu tulikuwa tunatoka Mikumi na shemeji yangu. Tulipita Ruaha Mbuyuni kama saa tisa alasiri, jua kali, tukaanza kupanda. Katikati ya mlima nikasikia sauti kama changarawe inatikiswa ndani ya kopo. Nikadhani ni bati la ekzosi limelegea, nikaendelea kukanyaga mafuta. Haikupita dakika, moshi wa bluu ukajaa nyuma yetu na gari likaishiwa nguvu kwenye kona, lori la saruji likiwa limetufuata karibu. Dereva wake alikuwa makini, Mungu ambariki. Shemeji alishuka akakimbia kwenda kuweka matawi barabarani.

Nilipofungua plagi ya silinda ya tatu, ncha yake ilikuwa na vipunje vya kung'aa, vidogo kama chumvi ya unga. Ilikuwa aluminiamu ya pistoni. Niliposhusha silinda hedi nikakuta tundu ambalo kidole cha shahada kinaingia, kingo zake zimelainika kama mshumaa ulioyeyuka. Turbo yenyewe ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nozo zilikuwa ndogo na kontroboksi haikujua kwamba hewa imeongezeka, kwa hiyo petroli ilikuwa chache na joto likapanda. Injini ya kawaida ikitembea taratibu inachoma sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Injini ya turbo ikikanyagwa inahitaji petroli zaidi, kama sehemu moja kwa 11.5 au 12 za hewa, na hiyo petroli ya ziada ndiyo inayoipoza pistoni. Asiyepima hilo anabahatisha na injini ya mwenzake.

Tuje kwenye hesabu. Bei hizi ni za gereji yangu na wauzaji ninaowatumia, kwingine zitapanda au kushuka. Turbo ya jamaa laki sita, nayo ni ya mtumba, kwa hiyo weka laki tatu za beringi na sili. (Kabla hujalipa, shika shafti yake. Ikicheza kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida, lakini ikitoka na kuingia hata kidogo, mrudishie mwenyewe.) Manifoldi iliyokerezwa na kuchomelewa na mtu anayejua kazi, laki sita. Interkula na mabomba yake laki tano. Nozo sita kubwa laki nane, pampu ya mafuta laki mbili na nusu. Kontroboksi inayoweza kuandikwa upya, milioni tatu. Kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta laki tano, na mtu wa kukaa na kompyuta aipangilie injini, milioni moja bila nauli. Rejeta kubwa na ekzosi pana, laki nane. Pistoni za mgandamizo mdogo pamoja na ovahoo, milioni tatu.

Hapo umefika milioni 11 na laki tatu na nusu, na giaboksi hatujaigusa. Otomatiki yako ilitengenezwa kwa nguvu za 1G, na ya miaka ishirini na zaidi itaanza kuteleza ukiiongezea mzigo. Breki nazo ni zile za farasi 160. Siku tatu za fundi wako zinatosha kuchomelea manifoldi na kuvuta bomba la oili. Mimi kazi kama hii naipangia miezi miwili, na mara nyingi inazidi kwa sababu ya kusubiri vifaa.

Kama moyo wako umeshaganda kwenye turbo, basi weka akiba ya injini kamili ya 1JZ-GTE pamoja na waya zake, kontroboksi, giaboksi na rejeta, kutoka kwenye gari lililokatwa nusu. Inakaa kwenye bodi yako kwa sababu Toyota wenyewe waliiweka humo. Gharama haitakuwa mbali sana na hizo milioni 11, lakini utakuwa umenunua kazi iliyokwisha pimwa. Ukifika hapo, namba ya injini na ukubwa wake kwenye kadi ya gari havitalingana tena na kilichomo, kwa hiyo nenda TRA ukarekebishe. Kama una bima kubwa, iandikie kampuni barua na ubaki na nakala. Nimeona mteja akikataliwa fidia kwa sababu injini iliyoungua haikuwa ile iliyoandikwa, na alikuwa amelipia bima kila mwaka bila kukosa.

Lakini kwa hali yako mimi ningeanza kwingine, kwenye ile sababu ya pili niliyokuambia. Pima mgandamizo wa silinda zote sita, injini ikiwa ya moto. Ukipimia Makambako namba zitakuwa chini kuliko za Dar, usishtuke, ni hewa tu. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi baa moja ya shinikizo, ringi au vali zimechoka, na hapo turbo ingekuumiza mapema zaidi. Badilisha plagi na kichujio cha hewa, safisha nozo na kile kisensa cha hewa kinachokaa karibu na kichujio. Kisha kagua masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi. Kwenye magari ya umri huu nayakuta yameziba mara nyingi, na dalili yake ni hiyohiyo yako: tambarare gari linakwenda, mlimani linabanwa kama mtu aliyezibwa pua. Kwenye gereji yangu vyote hivyo havizidi laki nne, kama masega yanahitaji kusafishwa tu.

Na ukifika chini ya Kitonga, zima O/D, ile gia ya juu kabisa, kwa kile kitufe cha kwenye mkono wa gia kabla mlima haujaanza. Usisubiri gari lichoke. Injini hii nguvu zake ziko juu, ikizunguka mara 4,000 na kitu kwa dakika. Ukiiacha kwenye gia kubwa unaikaba. Fanya hayo kwanza, panda mlima mara moja, kisha niandikie namba za mgandamizo ulizopata.

SWALI: Fundi, nimeona mtandaoni turbo ya umeme inayotumia betri ya gari, shilingi elfu themanini, unaichomeka kwenye bomba la hewa. Wanasema inaongeza nguvu na kupunguza ulaji wa mafuta. Nina IST. Ni kweli?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Hapana dada yangu, usinunue. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta lita 4,500 za hewa ndani ya dakika hiyo moja, yaani lita 75 kila sekunde. Kile kifeni hakiwezi hata kuifuata kasi hiyo, seuze kuongeza shinikizo. Kinakuwa kizuizi kwenye njia ya hewa, na bawa lake la plastiki likikatika linafuata hewa kwenda ndani. Kompresa ya umeme ya kweli ipo: Audi waliiweka kwenye SQ7 ya mwaka 2016, lakini inakula hadi kilowati 7 na ikawekewa mfumo wake wa volti 48. Betri yako ni ya volti 12. Hiyo elfu themanini nunua oili nzuri na kichujio chake, IST itakushukuru.

SWALI: Hujambo fundi? Nina Subaru Forester ya turbo, niliinunua mkononi mwa mtu. Fundi wangu huku ananiambia nikifika nisizime gari papo hapo. Mwingine anasema hayo ni ya zamani. Nimsikilize nani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Msikilize wa kwanza. Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na imeegemea utando mwembamba wa oili. Moshi unaopita pembeni yake, gari likiwa limekanyagwa, una joto linalokaribia nyuzi 900. Ukizima ghafla, oili iliyosimama mle ndani inaungua na kuacha masizi magumu, na masizi hayo ndiyo yanayomaliza beringi. Ni kweli kwamba Subaru yako inapozwa pia kwa maji, kwa hiyo ukitoka sokoni taratibu huna haja ya kusubiri. Ukitoka safari ndefu ya barabara kuu, endesha pole ile kilomita ya mwisho, kisha acha injini ingurume kama dakika moja.

Mimi ninachokihofia zaidi kwako ni oili, kwa kuwa hujui mwenye gari wa kwanza alikuwa akiibadilisha lini. Badilisha kila kilomita 5,000, na kagua kipimo kila wiki kwa sababu injini hizi hupunguza oili bila kuonyesha moshi. Mwambie fundi afungue pia boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo. Kwenye Forester nyingi za turbo kuna kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti hiyo, chembamba kama chujio la chai. Kikiziba kwa oili chafu, turbo inakauka huku kipimo cha oili kikionyesha imejaa. Akitoe, akitazame kwenye mwanga, na kama matundu hayaonekani aweke kipya kabla gari halijatoka gereji.