Jibu: Jade ya Liangzhu ilichongwaje, na ilitumika kwa nini?

Ndugu, umeuliza Wachina wa kale waliwezaje kuchonga jade kabla ya kuwa na chuma, na vipande vile vyenye tundu katikati vilikuwa na kazi gani.

Jade, jiwe gumu la thamani ambalo mara nyingi huwa la kijani, haikukatwa kwa patasi bali ilisagwa: fundi alivuta kamba juu ya jiwe huku akitia maji na mchanga mgumu, mchanga ukalila jiwe taratibu, na tundu alilitoboa kwa bomba kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana ndani ya matundu mengi bado huonekana ukingo mdogo pale mikato miwili ilipokutana bila kulingana sawasawa.

Mfano bora ni utamaduni wa Liangzhu, karibu na mji wa Hangzhou mashariki mwa China, kati ya takriban mwaka 3300 na 2300 K.K. Katika kaburi la 12 la Fanshan, lililofukuliwa mwaka 1986, ilitoka cong (kipande cha jade chenye tundu) ya kilo 6.5 hivi, mraba kwa nje na mviringo kwa ndani, yenye sura ya mtu aliyevaa taji la manyoya juu ya mnyama wa macho makubwa, yote ikiwa imechorwa katika sentimita chache tu.

Maelezo kwamba bi (kisahani cha jade chenye tundu katikati) ni ya mbingu na cong ni ya ardhi yanatokana na maandishi ya takriban miaka 2,000 baadaye, hivyo mimi singewabebesha watu wa Liangzhu maana hiyo. Makaburi yenyewe yanaonyesha jambo moja waziwazi: jade ilizikwa kwa wingi pamoja na watu wenye vyeo, mashoka ya jade yakiwemo.